Utetezi wa Wafasiri wa Kanuni ya Fransisko

Shutuma nzito imewakalia kwa muda mrefu wafasiri wa Kanuni ya Ndugu Wadogo, na watetezi wao ni wachache. Yasemwa kuwa Fransisko wa Asizi aliacha neno safi kama maji ya chemchemi, na wenye elimu waliokuja nyuma yake wakalitia matope. Yeye alitaka umaskini. Wao wakataka maelezo ya umaskini. Yeye alikataza Kanuni yake isitiwe sherehe. Wao wakaitia sherehe kwa karne nzima, hata andiko la milango kumi na miwili tu likabebeshwa mzigo wa vitabu. Kwa hukumu hii mfasiri ni mwizi aliyeingia nyumbani kwa ufunguo wa elimu, akatoka na urithi wa maskini.

Hukumu hiyo ilipata msemaji hodari mwaka 1893, wakati Paul Sabatier, mchungaji wa Kiprotestanti wa Ufaransa, alipotoa kitabu chake juu ya maisha ya Fransisko. Kitabu kile kiliamsha utafiti mkubwa, na sifa hiyo haiwezi kunyang'anywa mwandishi wake. Lakini pamoja na utafiti kilieneza picha moja: upande huu nabii mwenye neno hai, upande ule Kanisa na wanasheria wake wenye kalamu za kulifisha. Picha hiyo ni nzuri kwa macho. Kasoro yake ni kuwa humfanya kila aliyeieleza Kanuni kuwa adui wa Kanuni, na hapo haki hupotea pamoja na historia.

Neno sherehe lichukuliwe hapa kwa maana ya vitabuni, ile waijuayo wasomaji wa tenzi: maelezo yaandikwayo pembeni au mwishoni ili maneno mazito ya mtunzi yafunguke. Sherehe za namna hiyo juu ya kanuni za watawa zilikuwako kabla Fransisko hajazaliwa. Katika karne ya 9 Smaragdus wa Saint-Mihiel aliandika sherehe ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Na Hildemar, mtawa wa Corbie aliyefundisha Italia ya kaskazini, aliieleza Kanuni hiyo hiyo sentensi kwa sentensi mbele ya wanafunzi wake. Hapana aliyewaita wasaliti, maana Benedikto hakukataza kuelezwa. Fransisko alikataza, na katazo lake ndilo silaha kubwa ya washitaki. Haki yataka katazo hilo litazamwe kwanza.

Fransisko alifariki tarehe 3 Oktoba 1226. Mwaka huo wa mwisho wa uhai wake alitoa Wasia, na mwishoni mwa Wasia aliwaagiza ndugu wote, mapadre kwa walei, wasiitie sherehe Kanuni wala Wasia wenyewe, wakidai kuwa neno hili lina maana hii na lile lina maana ile. Kama yeye alivyosema kwa unyofu, nao wafahamu kwa unyofu, watende mpaka mwisho. Agizo hili ni zito, wala hapana mtetezi mwaminifu awezaye kulipunguza.

Lakini Wasia ni andiko la namna gani? Fransisko mwenyewe alionya kuwa usiitwe kanuni ya pili. Aliuita ukumbusho na maonyo, uliotolewa ili Kanuni ishikwe vema zaidi. Akataka uwe pamoja na Kanuni daima, na usomwe kila Kanuni isomwapo mikutanoni. Sasa andiko lisomwalo kando ya andiko jingine, ili lile la kwanza lishikwe vizuri, lina jina gani katika elimu kama si sherehe? Mfasiri wa kwanza wa Kanuni ni mtunzi wake. Aliieleza kwa habari za maisha: jinsi ndugu wa mwanzo walivyoridhika na kanzu moja yenye viraka ndani na nje, jinsi alivyofanya kazi kwa mikono yake, jinsi walivyoombea chakula mlango kwa mlango pale kazi ilipokosa ujira. Hakukataza Kanuni kueleweka. Alikataza ujanja wa kulifanya neno liseme kinyume cha lilivyosema. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo shina la kesi nzima, nao washitaki huivuka kama mtu avukaye kijito gizani, bila kujua kuwa amelowa.

Baada ya Wasia, na ifunguliwe Kanuni, ile iliyothibitishwa na Papa Honori III tarehe 29 Novemba 1223. Mlango wa pili waruhusu wale wenye lazima kuvaa viatu. Hausemi nani aipime lazima. Mlango wa nne wakataza kwa mkazo kupokea sarafu au fedha, ama kwa nafsi zao ama kwa mkono wa mtu mwingine. Kisha, bila kupumua, wawaagiza wakuu wawatunze wagonjwa na kuwavika ndugu wengine kwa msaada wa marafiki wa kiroho, kwa kadiri ya mahali, majira na nchi za baridi. Rafiki huyo akimlipa mwuza kitambaa, je, amekuwa ule mkono wa mtu mwingine uliokatazwa, au hakuwa? Mlango wa sita wasema ndugu wasijimilikishe kitu chochote, nyumba wala kiwanja. Nyumba wanamolala ni ya nani? Mlango wa kumi wawataka watii wakuu katika yote waliyomwahidi Mungu, yasiyopingana na roho zao na Kanuni. Nani ataamua kuwa amri fulani yapingana?

Andiko linalomwachia msomaji kupima lazima, baridi na dhamiri, limemwita mfasiri kwa kinywa chake lenyewe. Asemaye kuwa Kanuni ilikuwa wazi kama mchana hajaisoma kwa jicho la mtu aliyeapa kuifuata. Msomaji wa maktabani aweza kupita juu ya neno lazima bila kujikwaa. Ndugu aliye katika theluji, miguu mitupu, hawezi.

Baridi ilikuja upesi. Mwezi wa Septemba mwaka 1224, chini ya mwaka mmoja tangu Kanuni ithibitishwe, ndugu tisa walivuka bahari wakashuka Dover, Uingereza. Thomas wa Eccleston, ndugu aliyeandika habari za kuingia kwao, asimulia kuwa raia mmoja wa London, John Iwyn, aliwanunulia kiwanja. Hakuwaandikishia wao. Milki aliwapa raia wa mji kwa jumla, na ndugu wakaachiwa matumizi. Tendo hilo la mtu wa kawaida lina funzo. Kule kutenga milki na matumizi, ambako washitaki hukuita hila iliyobuniwa na wanasheria wa Papa ili kuwafariji watawa waliochoka, kulionekana mjini kati ya wenye maduka kama njia ya heshima ya kutekeleza mlango wa sita. Maisha yalitangulia, sherehe ikafuata.

Katika mwaka 1230 ndugu walishindwa kupatana juu ya maswali hayo. Wakatuma wajumbe kwa Papa Gregori IX, na Antoni wa Padua akiwa mmoja wao. Papa huyo hakuwa mgeni: alipokuwa Kardinali Hugolino alikuwa rafiki wa Fransisko, na alimsaidia katika kuitunga Kanuni. Jibu lake, hati ya Quo elongati ya tarehe 28 Septemba 1230, ndilo jiwe ambalo washitaki hulirusha mara nyingi kuliko yote. Hati ile ilisema kuwa Wasia hauwafungi ndugu kwa nguvu ya sheria, kwa sababu Fransisko aliutoa bila ridhaa ya ndugu, na hasa wakuu, ingawa jambo liliwahusu wote; tena mkuu mmoja hawezi kumfunga mkuu amfuatiaye, kwa kuwa wao ni sawa. Ikasema pia kuwa mjumbe awezaye kulipia mahitaji ni mjumbe wa mtoaji sadaka au wa mwuzaji, si mjumbe wa ndugu. Na kuwa ndugu hawana milki, wana matumizi tu.

Hapa mshitaki hupaza sauti: rafiki ameuvunja wasia wa rafiki, na maiti hajamaliza miaka minne kaburini! Kelele hiyo yastahili kusikilizwa, kwa kuwa ina uchungu wa kweli. Lakini mtu na aulize ni nini kingalitokea kama Papa angalijibu kinyume. Angalitangaza kuwa mtu mmoja, hata akiwa mtakatifu, aweza akiwa kitandani kuwaongezea maelfu ya watu kiapo ambacho hawakukiapa. Fransisko mwenyewe aliwapokea wanovisi kwa mwaka wa majaribio ili wajue waahidilo. Kuheshimu ahadi ni pamoja na kutoiongeza nyuma ya mgongo wa mwenye kuahidi. Gregori aliondoa nguvu ya sheria katika Wasia. Hakuondoa Wasia katika mikono ya ndugu. Waliotaka waliendelea kuusoma, na wafasiri wakali waliutumia kama taa kwa muda wa miaka mia iliyofuata.

Katika miaka ya 1241 na 1242 kazi ya sherehe iliingia shuleni. Mabwana wanne wa Paris, Alexander wa Hales, Jean wa La Rochelle, Robert wa La Bassée na Eudes Rigaud, walitoa maelezo ya Kanuni kwa kuombwa na ndugu wenyewe. Wasomi hawa walijua katazo la Fransisko, wakajihadhari kusema kuwa hawajengi maana mpya juu ya Kanuni. Tena hawakujifanya wanajua kila kitu. Mahali pengine waliweka mashaka mezani, wakayaacha mezani. Yatafutwe mahali popote katika kazi yao maneno ya mtu anayetaka kustarehe kwa mgongo wa nadhiri. Hayapatikani kwa urahisi. Kinachoonekana ni watu wanaoogopa kumwahidi Mungu jambo wasilolifahamu.

Haina maana kuwa kila fasiri ilikuwa njema. Papa Inosenti IV alitoa hati ya Ordinem vestrum mwaka 1245, nayo ilifungua mlango mpana: ndugu waliruhusiwa kutumia wajumbe wa fedha si kwa mahitaji ya lazima tu, bali hata kwa mambo ya kuwafaa, na mali zao zikahesabiwa kuwa milki ya Kanisa la Roma. Kama shutuma ya washitaki ingalikuwa kweli, ndugu wangaliipokea hati hii kwa vigelegele. Ulegevu ulikuwa umeletwa mlangoni kwao, umetiwa muhuri wa Papa. Walifanya nini? Waliukataa. Mkutano Mkuu wa Metz wa mwaka 1254 uliamua kuwa hati ya Inosenti isitumike pale ilipolegeza kuliko ile ya Gregori. Watu waliozoea kuisoma Kanuni na kuijadili neno kwa neno walikuwa na mizani ya kuipimia hata ruhusa ya Papa, wakaiona kuwa nyepesi mno. Wasiofasiri wangaliipimia nini?

Siku hizo hizo Hugues wa Digne, ndugu wa Provence, aliandika sherehe yake. Huyu ndiye mhubiri ambaye Mfalme Louis IX alimsikia huko Hyères mwaka 1254 alipokuwa akirejea kutoka vita vya msalaba, na ambaye hakuogopa kuwakemea watawa walioifuata jumba la mfalme. Hugues alieleza Kanuni kwa kuikaza, asiyageuze maelezo yake kuwa mto wa kulalia. Jina lake latosha kuvunja dai kuwa sherehe na ulegevu ni ndugu wa tumbo moja.

Msomaji mwenye akili atauliza: ikiwa ndugu hawana milki, na matumizi yao hayana mpaka, umaskini umebaki wapi? Mtu aweza kula vizuri, kuvaa vizuri na kulala katika nyumba kubwa, kisha akajisifu kuwa hana kitu, kwa kuwa hati yasema ni mali ya Papa. Swali hili ni kali, na washitaki hulitumia kama kisu cha mwisho. Lakini wao hawakulivumbua. Lilivumbuliwa na mfasiri. Pierre Olivi, mwana wa Languedoc aliyezaliwa mwaka 1248 akafa mwaka 1298, alifundisha kuwa nadhiri ya ndugu yahusu matumizi pia: asiye na milki hana budi kutumia kimaskini, ama sivyo nadhiri yake ni ganda lisilo na kiini. Hayo aliyatetea kwa hoja, na kati ya vitabu vyake imo sherehe ya Kanuni. Ugonjwa wa fasiri ulitambuliwa na fasiri, na dawa ya sherehe mbaya ikawa sherehe njema.

Basi ikiwa wafasiri hawakuiua Kanuni, msiba ulioipata ulitoka wapi? Ulitoka kwa waliotaka maneno yakome. Cha kushangaza ni kuwa wa kwanza alikuwa rafiki. Papa Nikolai III, ambaye kabla ya upapa alikuwa kardinali mlinzi wa Shirika, alitoa hati ya Exiit qui seminat tarehe 14 Agosti 1279. Aliutetea umaskini wa ndugu kwa upole na elimu, akasema kuwa ndio njia aliyoionyesha Kristo. Kisha akafunga mlango: mtu yeyote asiitie sherehe hati yake wala kuibishania, na atakayethubutu atengwe na Kanisa. Ndugu walifurahi, kwa kuwa mlango ulifungwa wao wakiwa upande wa ndani. Hawakufikiri kuwa hoja isiyojibishwa hudhoofika kama mguu usiotembea, wala kuwa mkono uwezao kufunga kwa faida yao waweza kufungua na kufunga kwa hasara yao.

Mkono huo ulikuja. Papa Klementi V alijitahidi bado: katika hati ya Exivi de paradiso ya mwaka 1312 aliyapitia mashaka moja moja, kanzu na viatu, mirathi na bustani, ghala za nafaka na za mvinyo, akasema kuwa ndugu wanafungwa na yale matumizi ya kimaskini yaliyotajwa katika Kanuni. Hiyo ilikuwa sherehe halisi, yenye sababu zake. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Oktoba 1317, Papa Yohane XXII alitoa hati ya Quorumdam exigit. Juu ya urefu wa kanzu na uwekaji wa ghala, aliwaachia wakuu kuamua, na ndugu watii. Kwa kuwa, alifundisha, utii ni mkubwa kuliko umaskini.

Hapo ndipo Kanuni ilipojeruhiwa, na yafaa jeraha litajwe kwa jina lake. Swali la maana ya maneno lilibadilishwa kuwa swali la nani mwenye amri. Ndugu wa Provence na Languedoc waliovaa kanzu fupi zenye viraka hawakuulizwa kama wameisoma Kanuni sawasawa. Waliulizwa kama watatii. Wengi walisalimu amri. Wanne walikataa, nao wakachomwa moto huko Marseille tarehe 7 Mei 1318. Mchunguzi wa uzushi aliyewahukumu, Michel Le Moine, alikuwa naye Ndugu Mdogo. Na Mkuu wa Shirika lote, Michele wa Cesena, alisimama upande wa Papa. Fransisko alikuwa amekufa miaka 91 tu. Sherehe zote zilizoandikwa tangu Quo elongati, njema kwa mbaya, hazikuwahi kuunguza ukucha wa mtu.

Kilichofuata kina hekima ya hadithi za kale, ingawa ni historia tupu. Mwezi wa Machi mwaka 1322 Papa Yohane aliliondoa katazo la Nikolai, ili habari ya umaskini wa Kristo ijadiliwe. Tendo hilo peke yake lilikuwa la haki. Mkutano Mkuu wa ndugu huko Perugia, chini ya Michele yule yule, ukatangaza kuwa Kristo na mitume hawakuwa na mali, ama ya mtu mmoja ama ya pamoja. Papa akajibu kwa hati ya Ad conditorem canonum ya tarehe 8 Desemba 1322. Ndani yake imo hoja ambayo mtetezi wa ndugu hana budi kuikiri kuwa ina nguvu: katika vitu vinavyokwisha kwa kutumiwa, matumizi hayawezi kutengwa na milki. Ndugu akila yai au jibini, Kanisa la Roma limebaki na milki ya nini? Yai limekwisha. Swali hili la yai lilikuwa sherehe kali, nalo lilistahili kujibiwa kwa sherehe.

Lakini Yohane naye hakuweza kungoja. Tarehe 12 Novemba 1323, kwa hati ya Cum inter nonnullos, alitangaza kuwa kushikilia ya kwamba Kristo na mitume wake hawakuwa na kitu ni uzushi. Mwenye hoja nzuri aliiacha hoja akashika rungu. Ndipo Michele wa Cesena, aliyewatoa wenzake kwa sababu utii ni mkubwa kuliko dhamiri ya msomaji, alipojikuta mahali walipokuwa wao. Usiku wa tarehe 26 Mei 1328 alitoroka Avignon pamoja na Bonagrazia wa Bergamo na mwanafalsafa William wa Ockham, wakakimbilia ulinzi wa Louis wa Bavaria. Huko ugenini Ockham aliandika kitabu kikubwa cha kumjibu Papa, nacho chachunguza kwanza maana ya maneno: milki ni nini, matumizi ni nini, haki ni nini. Ugomvi ulioanza na kanzu na yai uliwaachia wanasheria na wanafalsafa wa Ulaya maswali juu ya haki ya mtu ambayo waliendelea kuyachambua karne kwa karne. Zawadi hiyo ilitoka mikononi mwa wafasiri.

Yabaki upande wa pili wa kesi, nao usiachwe kwa huruma. Wako waliopigania Kanuni bila sherehe, herufi tupu, na wengine wao walikuwa watu wa heshima kubwa walioteseka kweli. Angelo Clareno alifungwa, akahamishwa, akaishi Ugiriki na Armenia, akafa mwaka 1337 akiwa mkimbizi katika Italia ya kusini. Hapana aliyeyachukia maelezo ya kulegeza kuliko yeye. Na Angelo alifanya nini? Aliandika sherehe ya Kanuni, ndefu, iliyojaa mafundisho ya mababa wa Kigiriki aliojifunza lugha yao uhamishoni. Alidai kuwa anarudisha maana ya Fransisko, na pengi alifaulu. Lakini kurudisha maana ni kufasiri. Aliyeapa kuwa andiko halihitaji msomaji alilazimika kuwa msomaji hodari ili kulithibitisha hilo.

Hali ilijirudia miaka mia mbili baadaye. Wakapuchini, waliozaliwa Italia katika miaka ya 1520 kwa kiu ya kuishika Kanuni kwa usafi wake, walizikataa katika katiba yao ya mwaka 1536 sherehe zote za kulegeza. Lakini Wasia wa Fransisko waliupokea, na waliupokea kama sherehe ya kiroho ya Kanuni. Walilitambua jambo ambalo washitaki wa siku hizi hawataki kulitambua. Tawi hilo hilo la Shirika lilileta ndugu wake kutoka Uswisi mpaka Dar es Salaam mwaka 1921. Kwa hiyo msomaji wa pwani hii hana haja ya kuvuka bahari ili kukutana na warithi wa mabishano haya.

Dai kuwa andiko lajieleza lenyewe huonekana kama unyenyekevu. Mara nyingi ni kiburi kilichovaa kanzu fupi. Asemaye, "Mimi sifasiri, nafuata tu yaliyoandikwa," ameiweka fasiri yake mahali pasipofikiwa na hoja. Huwezi kumsahihisha, maana kumpinga yeye kumekuwa kulipinga andiko. Naye mwenye amri asemaye, "Fasiri ni yangu peke yangu, wengine watii," ameiweka fasiri yake mahali pale pale, kwa njia ya nguvu badala ya njia ya utakatifu. Hawa wawili walipigana mpaka wa pili akamchoma wa kwanza, na haifai kuwalinganisha kwa dhambi, maana aliyechomwa si sawa na aliyechoma. Lakini katika jambo moja walifanana: kila mmoja alitaka mazungumzo na andiko yakome. Mfasiri mwaminifu alikuwa kati yao, akichukiwa na wote.

Ipo mizani ya kumjua huyo mwaminifu, nayo imo katika historia hii. Sherehe njema huliacha neno la asili mbele ya macho, na nguvu za kumkemea hata aliyeiandika sherehe. Mabwana wa Paris waliacha mashaka mezani. Mkutano wa Metz uliikataa ruhusa kwa ajili ya Kanuni. Olivi aliwaonyesha ndugu zake kuwa maneno waliyojifunika nayo yalikuwa yamechanika. Sherehe mbaya hulifunika neno lisionekane, hata msomaji akimaliza kusoma ajue ruhusa zake tu asikumbuke ahadi yake. Kwa mizani hii Ordinem vestrum ilipungua, na ndugu wenyewe waliona. Kwa mizani hii hii Quorumdam exigit ilipungua zaidi, maana iliondoa hata haja ya kulitazama neno: mkuu amesema, yatosha.

Mwanafunzi wa fasihi, wa sheria au wa dini aisomapo kesi hii asikubali kuambiwa kuwa achague kati ya mwanzilishi na wafasiri wake. Mwanzilishi asiye na wafasiri ni jina juu ya kaburi. Kanuni ya Fransisko ingali inaapiwa na watu leo, miaka mia nane na zaidi tangu ithibitishwe, kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu waliokaa nayo usiku wakiuliza neno hili lanitaka nini. Wengine wao walikosea. Wengine walijipendelea. Lakini waliomkosea Fransisko kuliko wote hawakuwa wale waliouliza. Walikuwa wale waliochoka kuulizwa.